Adabu za Kufunga Mzigo wa Safari Ndefu

Ndugu zetu, kumtegemea Mwenyezi Mungu si kutoka mikono mitupu. Aya ya 197 ya Suratul Baqara yawaamuru wasafiri wachukue masurufu, kisha yawakumbusha ya kuwa lililo bora ni ucha Mungu. Basi yote mawili yatakikana.

Kwanza, nguo. Kijana atokaye Masimba, katika milima ya Kisii, kwenda Riyadh kwa mkataba wa miaka miwili, asiliache sweta lake. Wala ndugu yetu wa Mombasa asidhani Arabuni ni joto daima. Riyadh usiku wa Januari hushuka hadi kiasi cha digrii 9.

Pili, karatasi. Nakala za pasi, viza na mkataba ziwe sandukuni, na nyingine ziachwe kwa wazazi. Sheria ya Saudia yamkataza tajiri kuizuia pasi ya mfanyakazi; lakini ikizuiwa, asiye na nakala atajitetea kwa nini?

Tatu, nalo ndilo kubwa: usichukue kifurushi cha mtu ambacho hukukifungua. Kupeleka amana ni wema, lakini miraa, iuzwayo wazi kwetu, huko imepigwa marufuku, na kuingiza madawa ya kulevya kwaweza kuleta hukumu ya kifo. Forodhani hawaulizi kifurushi ni cha nani; huuliza sanduku ni la nani. Jirani akikasirika kwa kufunguliwa chake, na akasirike.

Mwisho, lipa deni au liandike katika wasia, taka radhi za wazee, ndipo ufunge sanduku.