Windows 10 Imezeeka: Jinsi ya Kufuatilia Viraka vya Usalama vya Kompyuta Yako

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa viraka vya usalama vya bure kwa kila kompyuta inayotumia mfumo wa Windows 10. Mfumo huo ulizinduliwa Julai 2015, na bado uko kwenye vipakatalishi vingi vya nyumbani, vya shuleni, vya maduka ya saiba na vya vikundi vya akiba. Kompyuta hizo hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka asubuhi, zinachapisha stakabadhi, zinafungua tovuti ya eCitizen na ya iTax kama jana. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa mwenye kompyuta haoni dalili yoyote kwamba mlango umeachwa wazi.

Makala haya yanaeleza kiraka cha usalama ni nini, namna ya kujua kama kompyuta inapata viraka, na la kufanya ikiwa haipati tena.

KIRAKA NI NINI?

Mfumo endeshi, kama vile Windows, ni programu kuu inayoiwezesha kompyuta kufanya kazi. Imeandikwa na watu, kwa mamilioni ya mistari, na kila mwezi makosa mapya hugunduliwa ndani yake. Baadhi ya makosa hayo ni matundu: mdukuzi anayeyajua anaweza kuingia kwenye kompyuta, kusoma faili, kuiba nenosiri au kufunga kazi zote na kudai pesa ili azifungue.

Kampuni inapopata tundu, hutengeneza kipande cha programu cha kuliziba. Hicho ndicho kiraka. Lakini kutolewa kwa kiraka pia ni tangazo. Wadukuzi hukichunguza, wakaona kinaziba wapi, kisha huwatafuta wale ambao hawajakiweka. Ndiyo maana kompyuta iliyoachwa bila viraka huzidi kuwa dhaifu kila mwezi, hata kama haijaguswa.

SOMO LA MWAKA 2017

Tarehe 14 Machi 2017, Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu katika sehemu ya Windows inayotumika kugawana faili kati ya kompyuta za mtandao mmoja. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilianza kupenya katika tundu hilo hilo. Haikusubiri mtu abofye kitu. Ilitoka kompyuta moja hadi nyingine yenyewe, ikafunga faili na kudai dola 300 kwa kila kompyuta.

Ndani ya siku chache ilikuwa imefika zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza, hospitali za umma zililazimika kuahirisha maelfu ya miadi ya wagonjwa, na baadhi ya magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine.

Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, mfumo ambao wakati huo ulikuwa bado unapata viraka. Kiraka kilikuwepo, tena bila malipo, ila hakikuwekwa. Basi kuwa na mfumo unaohudumiwa hakutoshi. Lazima mtu ahakikishe kwamba viraka vimefika.

TAREHE ZA KUKUMBUKA

Kila mfumo una siku ya mwisho ya kuhudumiwa. Hizi ndizo za mifumo ya Windows inayopatikana sana:

• Windows XP: 8 Aprili 2014
• Windows 7: 14 Januari 2020
• Windows 8.1: 10 Januari 2023
• Windows 10: 14 Oktoba 2025

Siku hiyo hiyo ya 14 Oktoba 2025, huduma ya Office 2016 na Office 2019 pia ilifika kikomo. Mfumo ukizeeka, programu nyingine nazo huuacha nyuma: kivinjari cha Chrome kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 na 8.1 mwanzoni mwa 2023.

JINSI YA KUKAGUA KOMPYUTA

Ukaguzi huu huchukua dakika tano na hauhitaji fundi.

1. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R. Andika winver, kisha bonyeza Enter. Kisanduku kitatokea kikionyesha jina la mfumo, toleo na namba yake.

2. Kwa Windows 10, toleo linapaswa kuwa 22H2, ambalo ndilo la mwisho. Namba inapaswa kuanza na 19045, kisha nukta, kisha tarakimu nyingine. Kiraka cha mwisho cha bure, cha 14 Oktoba 2025, kiliifikisha namba hiyo 19045.6456. Ikiwa tarakimu za baada ya nukta ni chini ya 6456, kompyuta hiyo haikupata hata kiraka hicho cha mwisho.

3. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi I ili kufungua ukurasa wa mipangilio. Ingia sehemu ya Windows Update, kisha ufungue historia ya masasisho. Kila kiraka kimeandikwa hapo kwa namba inayoanza na herufi KB, pamoja na tarehe kilipowekwa. Angalia tarehe ya karibuni. Angalia pia kama kuna kilichoshindwa kuwekwa.

Anayekuta amekosa miezi kadhaa asikate tamaa. Viraka vya Windows 10 na 11 hubebana: cha mwezi huu huwa kimejumuisha vya miezi iliyopita, na kukiweka kimoja hicho kwa kawaida hutosha.

JUMANNE YA PILI YA MWEZI

Microsoft hutoa viraka vyake Jumanne ya pili ya kila mwezi, saa ambazo Kenya huwa ni usiku. Kwa mwaka 2026, kwa mfano, Jumanne hizo ni 14 Aprili, 12 Mei, 9 Juni, 14 Julai, 11 Agosti, 8 Septemba na 13 Oktoba. Kiraka cha dharura kinaweza kutolewa siku nyingine, lakini anayekagua kompyuta yake kila Jumatano au Alhamisi inayofuata Jumanne ya pili hatapitwa na mengi.

Penye kompyuta zaidi ya moja, daftari la kawaida linatosha. Chora safu tano: jina au namba ya kompyuta, mfumo na toleo, tarehe ya kiraka cha mwisho, siku ya mwisho ya huduma, na jina la aliyekagua. Mwenye saiba ya kompyuta sita atamaliza zote ndani ya nusu saa. Safu ya mwisho ina umuhimu wake, kwani kazi isiyo na mwenyewe haifanyiki.

KWA NINI VIRAKA HAVIFIKI

Mara nyingi kompyuta haipati viraka kwa sababu hizi:

Data. Kiraka kimoja kinaweza kuwa na megabaiti mia kadhaa. Wanaotumia intaneti ya simu mara nyingi huiambia Windows kwamba muunganisho huo unalipiwa kwa kipimo. Windows hutii na kusimamisha upakuaji mwingi. Afadhali kutenga siku moja kwa mwezi ya kuunganisha kompyuta kwenye Wi-Fi isiyo na kikomo, ikaachwa hadi imalize.

Kuahirisha. Kiraka kikishapakuliwa, mara nyingi huhitaji kompyuta izimwe na kuwashwa upya. Anayefunga kifuniko cha kipakatalishi kila jioni bila kuizima anaweza kukaa wiki nyingi na kiraka ambacho hakijaanza kazi.

Nafasi. Diski ikijaa, kiraka hushindwa kuwekwa. Kuhamisha picha na video za zamani kwenye diski ya nje huondoa tatizo hilo.

Windows isiyo halali. Programu zinazotumika kuvunja leseni zinaweza kuzima viraka kimakusudi, na nyingine huja zikiwa zimebeba virusi. Mteja amuulize fundi waziwazi kama leseni ni halali.

Jihadhari pia na viraka bandia. Ukurasa wa tovuti ukitangaza kwa rangi nyekundu kwamba Windows imepitwa na wakati na kukutaka upakue kitu au upige simu, ufunge. Viraka vya kweli hupatikana ndani ya Windows Update.

NJIA TATU ZILIZOPO

Kwanza, kuhamia Windows 11. Kwa mwenye Windows 10 halali, kuhama hakulipiwi iwapo kompyuta inatimiza masharti: angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 za hifadhi, kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft. Kwa prosesa za Intel Core, hiyo kwa jumla humaanisha kizazi cha 8 kuendelea. Kabla ya kuhama, weka nakala ya faili zote muhimu kwenye diski ya nje.

Pili, kujiandikisha kwa viraka vya ziada. Kwa kompyuta za watu binafsi, Microsoft ilitangaza mpango wa viraka vya Windows 10 hadi 13 Oktoba 2026. Kompyuta iwe na toleo la 22H2 na mtumiaji awe na akaunti ya Microsoft. Anaweza kujiandikisha bila kulipa kwa kuruhusu mipangilio ya kompyuta ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo, au kwa kutumia pointi 1,000 za Microsoft Rewards, au kwa kulipa dola 30 mara moja. Akaunti moja inaweza kutumika kwa kompyuta hadi 10. Kiungo cha kujiandikisha huonekana katika ukurasa wa Windows Update.

Mashirika yana utaratibu wao: dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu. Taasisi za elimu zimewekewa bei ya dola 1 mwaka wa kwanza, 2 wa pili na 4 wa tatu. Shule yenye kompyuta 30 italipa dola 30 kwa mwaka wa kwanza, na inafaa jambo hilo lifikishwe kwa bodi ya shule.

Tatu, kubadilisha mfumo. Kompyuta isiyoweza kubeba Windows 11 inaweza kuwekewa Linux, kama vile Ubuntu au Linux Mint, bila malipo ya leseni. Kwa kuandika barua, kutumia intaneti na kuchapisha, mifumo hiyo inatosha. Hata hivyo, programu zilizotengenezewa Windows pekee huenda zisifanye kazi, kwa hivyo ijaribiwe kwanza kwenye kompyuta moja. Linux nayo ina tarehe zake: Ubuntu 24.04, iliyotolewa Aprili 2024, imeahidiwa miaka mitano ya viraka vya kawaida.

Wapo wanaosema kompyuta yao haiingii kwenye intaneti, kwa hivyo haina haja ya viraka. Kukaa nje ya intaneti hupunguza hatari kweli, lakini flashi inayopita mkononi mwa wateja ishirini kwa siku hubeba virusi vizuri tu. Kompyuta ya namna hiyo itengwe kwa kazi moja, na isitumiwe kwa benki, iTax wala kuhifadhi nakala za vitambulisho.

KABLA YA KUNUNUA KOMPYUTA YA MTUMBA

Bei nafuu ya kipakatalishi cha mtumba hufuta haraka ikiwa hakiwezi kupata viraka. Soma namba ya prosesa kabla ya kulipa. Katika i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, yaani kizazi cha 6: haimo kwenye orodha ya Windows 11. Katika i5-8350U, ni kizazi cha 8, na imo. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6; 840 G5 kwa kawaida ni ya kizazi cha 8. Kwa macho zinafanana sana, na tofauti yake huonekana siku viraka vinapokoma.

WAJIBU WA WANAOSHIKA DATA ZA WENGINE

Mwenye saiba, mwekahazina wa chama, karani wa zahanati na katibu wa shule wote hushika data za watu: namba za vitambulisho, PIN za KRA, namba za simu, matokeo ya vipimo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia data za watu aweke hatua za kiufundi na za kiutaratibu za kuzilinda. Data zikivuja na kuwepo hatari halisi ya madhara kwa wenyewe, anayesimamia data hizo anapaswa kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data ndani ya saa 72 tangu ajue. Mashambulizi ya mitandaoni yanaweza kuripotiwa kwa KE-CIRT, kituo cha kitaifa kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

KWA MUHTASARI

• Kagua toleo la kompyuta yako leo kwa kutumia winver.
• Andika tarehe ya kiraka cha mwisho kwenye daftari, na urudie kila baada ya Jumanne ya pili ya mwezi.
• Ikiwa ni Windows 10, hamia Windows 11, jiandikishe kwa viraka vya ziada, au panga kubadilisha mfumo.
• Weka nakala ya faili muhimu kwenye diski ya nje, na diski hiyo isiachwe imechomekwa. Programu hasidi inayofunga faili hufunga pia zile zilizo kwenye diski iliyounganishwa.
• Futa kwenye kompyuta za saiba nakala za vitambulisho vya wateja mara tu huduma inapokamilika.

Kinga ni bora kuliko tiba. Dakika tano za ukaguzi kila mwezi ni gharama ndogo kuliko kumweleza mteja kwa nini kitambulisho chake kimetumiwa na mtu asiyemjua.