Nani Atamsemea Punda Kortini?

Muhula uliopita tulipewa insha ya methali "Fadhila ya punda ni mateke." Wenzangu walimlaani punda kurasa mbili nzima. Mimi nikabaki na swali jingine: punda naye akipigwa mateke, je, kuna sheria? Nimeuliza na kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

Sheria ipo, tena ni kongwe. Ni Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya. Ilitungwa mwaka 1962, kabla hatujapata Uhuru. Inasema ni kosa kumpiga mnyama kikatili, kumpiga teke, kumtesa, kumtia hofu, kumwendesha kupita kiasi au kumtwika mzigo unaomzidi nguvu. Kumnyima chakula na maji pia ni kosa. Anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyozidi shilingi 3,000, au hufungwa kwa muda usiozidi miezi 6, au yote mawili. Isitoshe, Katiba ya mwaka 2010 imetaja ustawi wa wanyama miongoni mwa kazi za serikali za kaunti.

Sasa hapo kwenye "mzigo unaomzidi nguvu" ndipo penye kazi. Je, ni mzigo kiasi gani? Sheria haikutaja kilo, nami naona ilifanya vyema. Hebu tupige hesabu. Sisi wanafunzi wa kutwa tunapita bombani asubuhi na jioni, na tunaona gari moja la punda likibeba mitungi 20 ya lita 20. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo hizo ni kilo 400. Hapo hujapima gari lenyewe, wala dereva aliyeketi juu akitafuna muwa. Kwenye barabara tambarare uzito mwingi huchukuliwa na magurudumu. Lakini tukichukua gari na mzigo kuwa kilo 500, kwenye mlima unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, punda huvutwa nyuma kana kwamba amefungiwa jiwe la kilo 50. Hii ni fizikia tu. Hata kupanga mitungi kuna maana: ikijaa mbele, uzito humkalia mgongoni, ikijaa nyuma, mikanda humbana tumbo kana kwamba anataka kunyanyuliwa. Mzigo ule ule unaweza kuwa halali bombani na ukawa ukatili mlimani. Hakimu aliye kortini atajuaje?

Huko Uingereza, mwaka 1822, mbunge Richard Martin alifaulu kupitisha sheria ya kuwakinga farasi, punda, ng'ombe na kondoo. Husimuliwa kwamba kesi ya muuzaji mmoja aliyempiga punda wake ilipokuwa ikisikizwa, Martin alimleta punda mwenyewe kortini ili hakimu ajionee majeraha! Watu walicheka sana, lakini punda alishinda kesi.

Siku hizi hatumpeleki punda kortini. Anayemsemea ni daktari wa mifugo. Na simaanishi kila mwenye sindano mfukoni. Kwa sheria ya mwaka 2011, daktari wa mifugo ni lazima asajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Mshtakiwa akisema, "Mheshimiwa, punda wangu alianguka tu jana," daktari ndiye awezaye kueleza kama kidonda ni cha jana au ni cha mwezi mzima, na kama kililetwa na kiboko au na mkanda uliosugua. Mahali penye kidonda cha zamani kilichopona aghalabu huota manyoya meupe. Daktari hutazama mbavu na mifupa ya nyonga, hutazama kwato, na huvuta ngozi ya shingo kidogo. Ikikawia kurudi mahali pake, mnyama ana kiu kali. Kazi hii inataka ujuzi kwa sababu punda huficha maumivu yake. Atasimama kimya, nawe utadhani ni mzima kumbe anaumia.

Niliyaona haya siku mbwa walipokuwa wakichanjwa dhidi ya kichaa katika uwanja wa chifu. Jirani yetu mmoja mchotaji maji alimleta punda wake pia.

"Daktari, huyu ni mvivu tu. Bila kiboko hatembei."

"Mzee wangu, hebu weka mkono hapa chini ya mkanda," daktari akamwambia. Mzee aliutoa mkono ukiwa na usaha.

Daktari alimsafisha punda, akamchoma sindano ya kuzuia pepopunda, kisha akasema apumzike wiki mbili. Mzee akauliza, "Na watoto wangu nao wapumzike kula?" Hakuna aliyecheka. Daktari alifikiri, halafu akamwonyesha jinsi ya kufungia gunia na blanketi kuukuu chini ya mkanda punda atakaporudi kazini. Hakumwita askari.

Je, alifanya vyema? Nimebishana na wenzangu chamani juu ya jambo hili hadi kengele ikalia. Wengine wanasema aliyeona kosa akanyamaza ameshiriki. Mimi naona kwamba daktari akiwa mtu wa kushtaki kila anayemwendea, mwezi ujao hataletewa punda hata mmoja. Watafichwa wafie nyuma ya nyumba. Lakini mtu aliyeshauriwa mara mbili na bado anamfunga punda mwenye kidonda, huyo ashtakiwe, na daktari aende kutoa ushahidi. Ijapokuwa hiyo faini ya shilingi 3,000, kwa bei ya hapa kwetu ya shilingi 20 kwa mtungi, ni sawa na maji ya safari 8 tu. Hapo Bunge lina deni.

Kule Lamu, ambako punda ndiye lori, shirika la Donkey Sanctuary kutoka Uingereza lilifungua zahanati ya punda mwaka 1987, na wanyama hutibiwa bila malipo. Hufanywa hata mashindano ya punda waliotunzwa vizuri zaidi, na wenyewe hupewa zawadi. Sijafika Lamu, lakini nadhani yule jirani yetu angependa kushinda kuliko kushtakiwa.

Basi ewe msomaji, ukiona mnyama akiteswa njiani, usimrukie dereva kwa matusi, maana utapigwa wewe. Andika siku, saa, mahali, idadi ya mitungi na sehemu ya mwili yenye kidonda. Kisha peleka habari kwa polisi, kwa chifu au kwa ofisi ya mifugo ya kaunti, na uombe daktari amwone mnyama siku hiyo hiyo. Kidonda kikipona, ushahidi nao umekwenda.