Umebadilisha neno la siri na bado anaingia? Angalia funguo za seva

Leo naongea na wenye tovuti yao kwenye seva ya kukodi. Wa WhatsApp pekee msikimbie, yenu iko mwishoni.

Mwaka jana mteja kanipigia: "Dada, viatu nimelipia tangu jana, mbona kimya?" Hela sijaiona. Kufungua ukurasa wa malipo, lipa namba siyo yangu! Nikarudisha yangu, nikabadilisha neno la siri la seva, nikalala fofofo. Siku ya tatu ile namba imerudi. Wateja wanne walishalipa, na tapeli naitwa mimi.

Kumbe seva ina mlango wa pili, wa ufunguo. Ufunguo ni mafaili mawili: la siri linabaki kwenye kompyuta ya mtu, la wazi linawekwa kwenye seva. Mwenye lile la siri anaingia bila kuulizwa neno la siri la seva. Mwizi akipenya mara moja tu anaongeza ufunguo wake. Wewe unabadilisha kufuli ya mbele, mwenzio anapitia uani.

Pa kuangalia ni hapa:

cat /root/.ssh/authorized_keys

Kila mstari ni ufunguo mmoja unaoruhusiwa. Mi natumia laptop moja, nikakuta mistari miwili. Jina la mwishoni mwa mstari lisikudanganye, mtu anaweza kuandika hata jina lako. Pima kwa alama: andika ssh-keygen -lf kisha jina la faili, kwenye laptop yako na kwenye seva, ulinganishe. Pitia na watumiaji wote walio ndani ya /home, siyo root peke yake.

Halafu tarehe. Andika stat na jina la faili, usome mstari wa Change. Ule wa Modify mwizi anaurudisha nyuma kirahisi sana. Seva nyingi zinafuata saa za UTC, kwa hiyo ongeza saa tatu. Langu lilisema 23:10, yaani saa nane na dakika kumi usiku kwetu. Saa hizo nakoroma.

Nani kaingia? Kwa Ubuntu, na Debian za zamani:

grep "Accepted publickey" /var/log/auth.log

Unapata tarehe, anwani ya IP na alama ya ufunguo uliotumika. Alama usiyoitambua, huyo ndo mgeni wako.

Usifute kwa hasira. Nakili kila kitu kwanza, ndo ufute. Faili likigoma kufutika, huenda kalifunga. Chattr -ia hulifungua. Fundi wangu akaniambia ukweli mchungu: aliyefika root huwezi kujua kaacha nini kingine. Tukahamia seva mpya, duka likafungwa siku mbili, wiki ya Idd kabisa. Wale wanne niliwapelekea viatu kwa hela yangu.

Seva mpya niliiwekea auditd na amri hii:

auditctl -w /root/.ssh -p wa -k funguo

Mtu akigusa folda hiyo inaandikwa. Nasoma kwa ausearch -k funguo kila Jumatatu kabla ya kufungasha mizigo. Ukiwasha seva upya amri inapotea, mwambie fundi aiweke ya kudumu.

Wa WhatsApp: fungua sehemu ya vifaa vilivyounganishwa. Kompyuta usiyoijua ikiwepo, inasoma oda zako mpaka uitoe. Itoe sasa hivi.