Marejeo ni Ngamani: Vita vya Meli Mchezoni na Ufundishaji wa Msamiati wa Bahari

Utangulizi

Methali "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" ni miongoni mwa methali zinazokaririwa mno katika shule za Kenya, ambako Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985. Mwanafunzi wa Hulugho, Kaunti ya Garissa, karibu na mpaka wa Somalia, huweza kuieleza maana yake ya jumla: atokaye kwao hatimaye hurejea kwao. Hata hivyo, anaweza kupata alama zote bila kujua tezi ni nini wala ngama iko wapi. Mazingira yake ni ya ufugaji, na lugha yake ya kwanza aghalabu ni Kisomali. Makala haya yanajadili namna mchezo wa kompyuta unaohusu vita vya meli unavyoweza kuirudishia methali hii maana yake ya kazi. Hoja kuu ni kwamba methali hii yaweza kusomwa kama kanuni ya kuokoa chombo kinachovuja.

Vita na Uokoaji wa Chombo

Sea of Thieves ni mchezo wa maharamia uliotolewa mwaka 2018 na kampuni ya Rare ya Uingereza. Wachezaji hukutana kwa njia ya intaneti na kuendesha chombo kwa pamoja. Chombo kidogo huwa na mabaharia wasiozidi wawili, na kikubwa wanne. Mizinga imepangwa ubavuni, hivyo kila upande hujitahidi kumgeuzia adui ubavu. Mpigaji hodari hulenga chini ya usawa wa maji, kwani tundu la juu haliingizi maji mengi, ilhali la chini hujaza chombo upesi. Tangu mwaka 2019, mizinga huweza pia kuharibu mlingoti, usukani na duara la kung'olea nanga.

Hapa ndipo maneno matatu ya methali yanapopata mwili. Omo ni sehemu ya mbele ya chombo, tezi ni sehemu ya nyuma, na ngama ni sehemu ya chini ndani yake, ambamo maji yanayovuja hukusanyika. Baharia anaweza kwenda omo kumtazama adui, kisha akaenda tezi kushika usukani. Lakini asiporejea ngamani kuziba matundu kwa mbao na kufua maji kwa ndoo, chombo huzama hata kama mizinga yake inapiga barabara. Maji yakiwa kidogo, matundu huzibwa kwanza. Yakizidi, mmoja huziba huku mwenzake akifua. Adui naye, kwa kuijua siri hiyo, hutuma mtu aparamie chombo ili kuwazuia mabaharia wasishuke chini. Aidha, pasipo mgawanyo wa kazi, wote hukimbilia mizinga na ngama hubaki bila mtu. Ndipo hudhihirika kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Ngama katika Historia ya Pwani

Mambo haya si mageni katika upwa wa Waswahili. Lamu, inayopakana na Garissa, ilisifika kwa mtepe, chombo ambacho mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi badala ya kupigiliwa misumari. Mtepe ulivuja sana, hivyo kufua maji kulikuwa kazi ya kila safari. Vita vya meli navyo vilifika Mombasa: manowari ya Kireno Santo António de Tanná ilizama mwaka 1697 mbele ya Ngome ya Yesu, wakati Waomani walipokuwa wameizingira ngome hiyo. Mabaki yake yalichunguzwa na wanaakiolojia kati ya mwaka 1977 na 1980.

Kazi hizo ndizo zilizoipa lugha msamiati wake. Kitenzi "fua", ambacho mwanafunzi wa bara hukijua kwa nguo, na pengine kwa chuma, hutumika pia kwa maji ya chomboni. Chombo cha kufulia ni upo. Kuziba nyufa za mbao kwa pamba ni kukalafati.

Funzo Bila Skrini

Ni kweli kwamba mchezo huu unahitaji mashine na intaneti, vitu ambavyo shule nyingi hazina. Lakini kanuni yake haihitaji umeme. Mwalimu anaweza kuchora chombo kikubwa mchangani, akaonyesha omo, tezi na ngama, kisha akawagawia wanafunzi wanne kazi za nahodha, mpiga mzinga, mziba matundu na mfua maji. Mwalimu atangazapo, "Tundu ubavuni!" au "Usukani umevunjika!", kila mmoja hukimbilia mahali pake na kutaja kwa sentensi kamili anachokifanya. Mwishoni, darasa zima huulizwa: kwa nini marejeo ni ngamani?

Hitimisho

Mwanafunzi aliyekariri methali atajibu kwamba kila mtu hurudi kwao. Aliyefua maji, hata kama ni mchangani, ataongeza kwamba baharia hurudi ngamani kwa sababu hapo ndipo uhai wa wote ulipo. Jibu la pili halilitangui la kwanza, bali hulipa mizizi. Mwanafunzi wa Hulugho anastahili majibu yote mawili, kwani Kiswahili anachotahiniwa ni chake pia, pamoja na bahari iliyomo ndani yake.