Mkusanya Vitu na Fedha ya Nyumba

Kuna jambo liletalo ugomvi katika nyumba za watu wenye adabu, watu wasiolewa wala kucheza kamari, nao huona haya kulipeleka mbele ya wazee wa ukoo, kwa kuwa laonekana dogo. Jambo lenyewe ni kukusanya vitu. Mmoja hukusanya stempu, wa pili santuri za zamani, wa tatu saa za mkono, wa nne vitabu. Wala tusidhani kwamba ni jambo la wanaume peke yao. Wako akina mama wenye doti za kanga zisizopata kuvaliwa hata mara moja, na makabati yaliyojaa sahani na vikombe visivyopata kumwona mgeni. Mwenye kukusanya husema, "Ni kitu kidogo tu." Mwenzake hunyamaza, lakini moyoni ahesabu.

Swali letu la leo ni hili: Je, mtu aliyeoa au kuolewa aweza kuendelea na mapenzi ya namna hii bila kuidhulumu nyumba yake? Jibu letu ni kwamba aweza, ila kwa sharti moja kubwa: mwenzake ajue yote, na kipimo cha fedha wakipange wote wawili. Mengine tutakayosema yatokana na sharti hilo.

Kwanza tusikilaumu kilicho chema. Mwenye kukusanya stempu hujifunza majina ya nchi, miji, wafalme na wanyama, ambayo wengine waliyasahau siku waliyotoka shuleni. Mpenda santuri husikia sauti za waimbaji waliokwisha kufa. Mpenda vitabu huwaachia watoto wake elimu rafuni. Tena mtu aliyechoka kwa kazi ya mchana kutwa yafaa apate kitu cha kumtuliza moyo, na heri akipate mezani kwake, karibu na watu wake, kuliko mahali pengine tusipotaka kupataja. Basi hatusemi kwamba vitu hivi vitupwe. Twasema vikae mahali pake.

Na mahali pake ni nyuma ya chakula, nguo, kodi ya nyumba, dawa na masomo ya watoto. Hata sheria za nchi zajua hivyo. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 yamtaka mume ampatie mkewe malazi, mavazi na chakula kadiri ya uwezo wake. Na mume akishindwa kupata riziki kwa sababu ya ugonjwa wa mwili au wa akili, wajibu huo humwangukia mke mwenye uwezo. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa ni yake, mpaka ithibitishwe vingine. Kwa hiyo mtu aweza kusema, "Saa hizi ni zangu," na huenda akawa na haki. Lakini kuwa na haki juu ya saa hakumwondolei deni la unga. Tena sheria haiwezi kuwafundisha watu wawili kukaa meza moja kwa amani. Hilo ni juu yao wenyewe.

Tutoe mfano wa mtu aliyesahau mpango huo. Huko Uingereza aliishi bwana mmoja tajiri, Sir Thomas Phillipps, aliyezaliwa mwaka 1792 na kufa mwaka 1872. Alirithi shamba kubwa na nyumba iitwayo Middle Hill. Mapenzi yake yalikuwa vitabu, na zaidi hasa maandiko ya kale yaliyoandikwa kwa mkono. Alitamani apate nakala ya kila kitabu duniani. Alikusanya maandiko yapata 60,000, mbali na maelfu ya vitabu vilivyopigwa chapa. Hatuna budi kumpa haki yake: maandiko mengi ambayo yangeliharibika yaliokoka kwa mkono wake, na wataalamu wamemshukuru mpaka leo.

Lakini tuingie nyumbani mwake. Alioa mwaka 1819, na miaka michache tu baadaye madeni yalimlazimu kuhamia ng'ambo na jamaa yake ili kupunguza gharama. Na huko ng'ambo akazidi kununua. Wauzaji wa vitabu walihangaika kumdai. Mke wake wa kwanza, mama wa binti zake watatu, alifariki mwaka 1832. Naye alipotafuta wa pili alitafuta hasa mwanamke mwenye mahari kubwa ya kuleta, kama mtu atafutaye fedha ya kulipia madeni. Alioa tena mwaka 1842. Vyumba vya nyumba vikajaa masanduku ya vitabu, mke akikosa hata nafasi ya kukaa kwa raha. Mwaka 1863 alianza kuhamia nyumba nyingine kubwa zaidi mjini Cheltenham, kwa kuwa vitabu havikutosha tena katika ile ya kwanza. Alipokufa, mali hiyo ilianza kuuzwa kidogo kidogo, na kazi ya kuiuza ikachukua zaidi ya miaka 100.

Msomaji asiseme, "Huyo alikuwa tajiri, mimi ni karani tu." Utajiri haukumponya, kwa sababu tamaa yake haikuwa na mpaka, na hapakuwa na mtu nyumbani aliyepewa ruhusa ya kuuweka. Mwenye shamba kubwa alikopa kwa ajili ya kitabu. Na mwenye mshahara mdogo aweza kukopa kwa ajili ya saa. Ugonjwa ni mmoja.

Sasa tutazame namna ugonjwa huu uingiavyo katika nyumba ya kawaida. Hauingii kwa mlango mkubwa. Huingia kwa siri ndogo. Mke auliza, "Baba watoto, saa hii umeinunua lini?" Mume ajibu, "Ah, hii ninayo siku nyingi, mama." Au mume auliza habari za kanga mpya, naye mke asema amepewa na shangazi yake. Neno hilo ni dogo, lakini limekwisha fanya madhara mawili. Limeficha fedha iliyotoka, tena limemfundisha aliyelisema kwamba uongo wapita. Mwezi ujao atasema tena. Siku mwenzake atakapogundua, hatauliza bei ya ile saa. Atauliza ni mambo gani mengine amedanganywa. Hapo ugomvi umekwisha toka katika kabati na kuingia katika ndoa yenyewe.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tufanye hesabu. Tuseme mtu apokea mshahara wa shilingi 600,000 kwa mwezi, naye hutoa shilingi 15,000 kila juma kwa ajili ya santuri. Ukimwuliza, atasema ni fedha kidogo. Lakini mwaka una majuma 52, na 15,000 mara 52 ni shilingi 780,000. Kumbe mtu huyu afanya kazi mwezi mzima na zaidi ya juma moja juu yake kwa ajili ya santuri peke yake! Yawezekana kwamba nyumba yake yaweza kulichukua jambo hilo. Yawezekana pia kwamba haiwezi. Lakini hawezi kujua, wala mkewe hawezi kujua, mpaka hesabu iandikwe. Bandu bandu huisha gogo, na mwenye kubandua huwa wa mwisho kuona.

Hapo mwenye kukusanya huleta utetezi wake mkubwa. Asema, "Hii si gharama, ni akiba. Vitu hivi vyapanda bei." Tuupime utetezi huo kwa kutazama stempu, ambazo bei zake zajulikana sana.

Stempu ya kwanza ya kubandika duniani ni ile nyeusi ya Uingereza iitwayo Penny Black, iliyoanza kutumika tarehe 6 Mei 1840. Watu wengi hudhani kwamba, kwa kuwa ni ya kwanza, kila mwenye nayo ni tajiri. Lakini zilipigwa chapa zaidi ya milioni 68, na nyingi zimebaki hata leo. Kwa hiyo iliyochakaa hununuliwa kwa bei isiyotisha. Uzee wa kitu si uhaba wake. Tuchukue na ile iliyo haba kupita zote, stempu ya senti moja ya British Guiana ya mwaka 1856, ambayo yajulikana moja tu. Mwaka 2014 iliuzwa mnadani kwa dola za Marekani karibu milioni 9.5. Mwaka 2021 iliuzwa tena, ikapata dola karibu milioni 8.3. Katika miaka saba ilipungua zaidi ya dola milioni moja. Ikiwa ile ya pekee duniani yaweza kushuka hivyo, sisi tutaahidi nini juu ya vitu vyetu vya kabatini?

Tena mwuzaji hununua kwa bei ya chini na kuuza kwa bei ya juu, kwa kuwa hapo ndipo apatapo riziki yake. Na mnada nao hukata sehemu yake. Mtoto akiugua usiku, hakuna hospitali ipokeayo santuri. Akiba ya kweli ni ile iwezayo kupatikana siku ya shida. Kwa hiyo anunuaye kitu kwa mapenzi na aseme ni mapenzi, akihesabu kwamba fedha hiyo imekwisha tumika. Ikirudi siku moja na faida, atashukuru. Lakini asiwalishe watoto kwa faida isiyokuja bado.

Tusidhani kwamba hapana waliofaulu. Katika mji wa New York waliishi mume na mke, Herbert na Dorothy Vogel, waliooana mwaka 1962. Mume alifanya kazi posta ya kupanga barua. Mke alikuwa mtunza vitabu katika maktaba ya Brooklyn. Wote wawili walipenda picha na sanamu za wasanii wa wakati wao. Wakapatana hivi: mshahara wa mke uwe wa chakula, kodi na mahitaji yote ya nyumba, mshahara wa mume uwe wa kununulia sanaa. Wakajiwekea na mipaka: wasinunue kisichowezekana kwa mshahara wa mfanyakazi, wala kisichoweza kuingia katika nyumba yao ndogo ya kupanga. Mara nyingine walilipa kidogo kidogo, kwa kupatana na msanii mwenyewe. Mwaka 1992 walikubaliana na Jumba la Taifa la Sanaa la mjini Washington lichukue mali hiyo, na mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa kugawa vipande 2,500, yaani 50 kwa kila jimbo kati ya majimbo 50 ya Marekani. Jumla ya walivyokusanya ilipita 4,000. Mume alifariki mwaka 2012.

Hatusemi kila nyumba itoe mshahara mzima. Wawili hao hawakuwa na watoto wa kusomesha, na kwetu wengi wana watoto, wazazi wazee na ndugu wa kusaidia. Tusiige kiasi chao, bali namna yao. Walipanga pamoja, na mahitaji ya nyumba yalitengewa fungu lake kabla ya picha ya kwanza kununuliwa. Yule tajiri wa Middle Hill alikuwa na fedha nyingi kuliko mpanga barua huyu, lakini hakuwa na mapatano ya namna hiyo.

Sasa tutoe mashauri machache, yapate kufuatwa hata na mwenye kipato kidogo.

La kwanza, mwisho wa kila mwezi mume na mke wakae pamoja na daftari moja. Waandike kwanza chakula, kodi, masomo, matibabu, msaada kwa wazee, na akiba. Kinachobaki ndicho cha kuzungumziwa.

La pili, katika kinachobaki, kila mmoja apate fungu lake sawa na mwenzake, la kutumia apendavyo. Si haki mume awe na fungu la saa, na mke aombe hata fedha ya kusuka nywele.

La tatu, wakubaliane kiasi fulani ambacho, kitu kikikipita, hakinunuliwi kabla ya kuulizana. Mnunuzi angoje siku kadhaa. Tamaa nyingi hufa zikingojeshwa.

La nne, asikope mtu kwa siri kwa ajili ya kabati lake, wala asiguse akiba ya nyumba. Akitaka kitu cha bei kubwa, na auze kimoja alicho nacho.

La tano, aandike orodha ya vitu vyake na bei alizonunulia, na mwenzake ajue ilipo. Mauti hayapigi hodi, na wajane wengi wameuza kwa bei ya takataka vitu vya thamani ambavyo hawakuambiwa habari zake.

Tuna neno pia kwa yule asiyekusanya. Usimcheke mwenzako mbele ya watu, wala usiviite vitu vyake uchafu, wala usivigawe akiwa safarini. Mtu anayedharauliwa hujifunza kuficha. Mwombe akuonyeshe, akueleze kwa nini kimoja chapendwa kuliko kingine. Huenda usivipende hata kidogo, lakini utamjua zaidi yule uliyeapa kuishi naye. Naye akiona kwamba asikilizwa, itakuwa rahisi kwake kusikia unaposema, "Mwezi huu haiwezekani, baba, mtoto hana viatu."

Basi wewe uliye na kitu kilichofichwa nyuma ya nguo sandukuni, kitoe leo jioni, ukiweke mezani, na useme bei yake ya kweli. Huenda pakawa na maneno makali kwa usiku mmoja. Kisha chukueni daftari na kalamu, mwanze hesabu.