Mafaili Yamefunikwa, Hayajafutwa

Sisi wa kompyuta tunafundishwa mapema kwamba seva ya Linux inapachika mifumo ya mafaili kwa kufuata orodha iliyomo kwenye /etc/fstab. Diski ngeni inakaa kimya mpaka uiambie iende wapi. ZFS haiko hivyo, na darasani hatuligusi kabisa jambo hili.

ZFS ilitengenezwa na Sun Microsystems kwa ajili ya Solaris, msimbo wake ukawekwa wazi mwaka 2005. Leo kwenye Linux na FreeBSD tunaitumia kwa jina la OpenZFS. Inaunganisha diski kadhaa kuwa puli, yaani ghala moja, halafu ndani ya ghala unakata vyumba. Kila chumba ni mfumo wa mafaili, na kina sifa iitwayo mountpoint: anwani ya mahali kitakapopachikwa. Sasa shika hapa. Anwani hiyo imeandikwa kwenye diski zenyewe, siyo kwenye kompyuta. Diski zikihama, zinahama nayo.

Nililiona hili fildi, upande wa Kwaluguru, huko Handeni. Seva ya ofisi moja iliungua umeme uliporudi kwa nguvu. Diski zake mbili zilikuwa nzima, zikahamishiwa kwenye kompyuta ambayo sisi wanafunzi tulikuwa tunaingizia madodoso. Fundi akaandika:

zpool import -f data

Skrini haikulalamika. Lakini mwenzetu alipotoka na kuingia tena, folda yake haipo. Wiki 3 za madodoso, na siku 5 tu kabla ya kurudi chuo.

“Kaka, umefuta?”

“Sijafuta kitu mdogo wangu, nimeleta diski tu.”

Wote wawili walikuwa wanasema kweli. Ndani ya puli kulikuwa na chumba chenye mountpoint=/home. Amri ya zpool import haiishii kuitambua puli; papo hapo inapachika kila chumba ambacho canmount yake ni on, na hiyo ndiyo hali ya kawaida. Basi /home ya ofisi ikatandikwa juu ya /home yetu, mkeka juu ya mkeka. Zamani ZFS ya Linux ingekataa folda yenye vitu. Tangu OpenZFS 2.0 sifa ya overlay iko on, inapachika bila kusema neno. Kweli, Linux yenyewe inaruhusu hivyo siku zote, ila mimi naona lile katazo la zamani lilikuwa na faida.

Hapo usikimbilie programu za kurejesha data, na usiandike faili jipya ndani ya /home, maana litaangukia kwenye diski za wenyewe. Kuzima na kuwasha nako kwa kawaida hakusaidii: mashine inaikumbuka puli na kuipachika tena. Tuliangalia kwanza kwa zfs list -o name,mountpoint,mounted. Kisha wote tukatoka, fundi akaingia kama root na kuandika zpool export data. Folda ikarudi na kila kitu chake.

Mara ya pili aliandika:

zpool import -f -o readonly=on -R /mnt data

Hiyo -R inatanguliza /mnt kwenye kila anwani, kwa hiyo /home ikawa /mnt/home, na anwani iliyoandikwa kwenye diski haiguswi. Kuhusu -f, inahitajika kama mashine ya zamani ilikufa bila kuiaga puli. Lakini kama mashine hiyo bado iko hai na inazitumia diski zilezile, -f inaweza kuiharibu puli nzima.

Wapo wanaopenda -N, inayoingiza puli bila kupachika chochote. Ni nzuri kwa kuchungulia mountpoint kwanza. Ila mtu akija baadaye akaandika zfs mount -a, mkeka unatandikwa palepale.