Dondoo Muhimu: Kulitia Haidroliki Gari la Nchi Kavu na Majini
Magari ya Argo, yaundwayo Ontario nchini Kanada, huzungusha magurudumu yake sita au manane kwa minyororo, na hupinda kwa kuyazuia ya upande mmoja kwa breki; basi fundi atakaye gari ligeuke papo hapo lilipo, upande huu ukienda mbele na ule ukirudi nyuma, anaweza kuweka pampu mbili na mota mbili za haidroliki, jozi kwa kila upande, na kuibakiza minyororo iunganishayo ekseli.

Kabla ya kununua chochote, fanya hesabu ya nguvu ya mzunguko: zidisha ujazo wa mota (katika sentimita za ujazo) kwa shinikizo (katika baa), kisha gawanya kwa 62.8; kwa mfano, mota ya sentimita za ujazo 100 kwa baa 200 hutoa takriban nyutonimita 318, ambazo msuguano utazipunguza.

Adui mkubwa kuliko wote ni joto, maana nguvu ipoteayo katika mafuta hugeuka kuwa joto, na ndani ya bodi iliyozibwa maji yasiingie hewa haipiti. Weka rejeta ya mafuta yenye feni, juu ya usawa wa maji. Mpira wa mafuta ya mvujo utoke kwenye mota hadi tangini moja kwa moja, bila kizuizi, la sivyo sili ya shafti itafumka. Ziba kila ncha ya mpira wakati wa kufunga, kwani chembe ya mchanga huharibu pampu nzima.

Uzito nao usipuuzwe: tangi na pampu zikae chini, katikati, na gari lijaribiwe kwenye maji ya kina kifupi kwanza.